Korongo Aliyemwaga Maji

Nilifika Hagadera, kambi ya wakimbizi, nikiwa nimekalia magunia ya vitunguu, siku ya tano tangu nitoke Molo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne, na transfoma nzito ya umeme niliyoipakata njia nzima kama mtoto. Basi la Garissa lilivunja springi kabla ya Mwingi, tukalala chini. Kesho yake jioni tulifika kwenye daraja la Tana, askari wakatushusha wote, wenye vitambulisho upande huu, wasio navyo upande ule. Upande ule ndio uliojaa. Garissa nilimpa muuza maziwa ya ngamia sweta zangu mbili. Alizigeuzageuza, akanyoosha moja juu ya paja, akaniuliza mtu anaugua nini hata avae kitu kama hicho.

Kutoka Garissa tulipanda lori lililofuata gari la polisi la ulinzi. Ulikuwa mwaka uliofuata ile mvua kubwa, na barabara ilikuwa bado haijapona. Lori lilizama kwenye matope meusi, tukashusha vitunguu vyote, tukalisukuma, tukapakia vitunguu vyote, na mwendo wa saa moja mbele likazama tena. Usiku wa pili tuliacha kuhesabu limezama mara ngapi. Niliona mataa ya kambi kwa mbali, nikajua kwamba sitapapenda, na kwamba nitakaa kwa sababu sikuwa na nguvu ya kurudia njia ile.

Aliyeniita alikuwa mama mjane mwenye ukumbi wa video sokoni. Kila mtu alimwita Eddo, yaani shangazi, nami nikamwita hivyo. Tulijuana kupitia shemeji yake, ambaye nilimtengenezea redio huko Eastleigh, Nairobi. Kaka yake Eddo aliyekuwa Dubai alimtumia mashine ya michezo ya televisheni, kitu ambacho Hagadera nzima haikuwa nacho. Lakini mashine ilikuwa ya Kijapani, inataka umeme mdogo kuliko wetu, na fundi wa kwanza aliyeichomeka moja kwa moja kwenye jenereta nusura aiunguze. Ndiyo maana ya ile transfoma.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa miti na mikebe ya mafuta ya msaada iliyopigwa ikawa bapa, na mablanketi yaliyoning'inizwa kuzuia jua. Mashine ilikuja na sahani tatu, yaani CD. Moja ilikuwa ya mpira, moja ya magari, na ya tatu ilikuwa na picha ya korongo aliyevaa miwani. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Eddo alinikabidhi ile ya tatu akaniambia niisome, kwa kuwa nimesoma. Niliitazama kwa muda nikasema ni hadithi ya ndege. Mpaka leo sijui kama nilidanganya.

Siku ya kwanza tuliyoiwasha, ukumbi ulijaa. Korongo alitokea amefunga taulo kiunoni, ameshika ndoo, yuko ndani ya nyumba ya kuogea yenye mvuke. Mbele yake kulikuwa na bwawa la maji ya moto, na kwenye bwawa ameketi figili mweupe mwenye miguu na masharubu. Figili, mboga ya mzizi, niliwahi kuiona mimi peke yangu. Wengine walibishana, mmoja akasema ni jino la ngamia lililoota miguu, na hoja yake ikashinda. Wakati huohuo tarumbeta zilikuwa zikilia na mwanamke anaimba kwa sauti nyembamba kama ya mbu. Dakika moja haikupita. Mzee mmoja wa msikiti wa jirani aliinama chini ya blanketi la mlangoni, akatoa salamu, akatukumbusha kwa upole makubaliano yake na Eddo: mpira sawa, filamu sawa kwa sauti ya chini, muziki hapana. Eddo hakubishana. Nilichomoa waya wa sauti nikauviringisha nikautia mfukoni.

Kwa hiyo tulicheza mchezo ule bila sauti, na hakuna aliyejua kwamba bila sauti haukuwa mchezo. Tuliona tu kwamba figili anatikisa kichwa, kisha korongo anapaswa kummwagia maji. Ukibonyeza anamwaga. Lakini kila tulipomwaga figili alikunja uso, akavimba, akawa mwekundu, akaangua kilio mpaka nyumba ikafurika na korongo akasombwa nje kwa mlango wa nyuma. Tulimwaga upesi, akalia. Tulimwaga taratibu, akalia. Mimi, msomi, niliamua kwamba maji yana moto mno, nikatafuta siku mbili mahali pa kuyapoza.

Watazamaji walikuwa na shida nyingine. Hawa walikuwa watu ambao wake zao walipanga madumu bombani alfajiri, na mengine yalirudi matupu. Mzee mmoja aliyekuja kumtafuta mwanawe alisimama nyuma akitazama ndoo baada ya ndoo, mwishowe akauliza, "Hii maji yote anamwagia jino, na jino bado analia?" Watu walicheka, lakini si sana. Baada ya wiki tatu sahani ya korongo ilirudi kwenye boksi lake, wote wakarudi kwenye mpira.

Aliyeifufua alikuwa mwenye punda. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mrefu, mikono mikubwa, aliyebeba magunia ya mgao kwa mkokoteni. Nilimwita Adeer, yaani baba mdogo. Huko Mogadishu alipiga ngoma kwenye bendi, na kila mtu alijua hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alisimulia kila siku. Hakupendwa sana. Walisema ana majivuno, kwamba unaweza kumtolea salamu ukiwa nyuma yake naye asiitikie, na mtu asiyeitikia salamu huku si mtu wa kuzoeana naye. Alipoongea alikutazama mdomoni, hakuacha nafasi ya kujibiwa, na mzaha ukitupwa alicheka baada ya wengine. Nilidhani wasanii ndivyo walivyo.

Siku hiyo nilikuwa nafuta vumbi kwenye sahani, nikaiweka tu nione kama bado inasoma. Figili alitikisa kichwa, korongo akamwaga, kilio. Adeer alikuwa amekaa mbele kabisa, mahali pake pa siku zote. Alinishika mkono.

"Wewe unaangalia ndoo," akasema. "Wacha ndoo. Angalia kichwa. Hii si kuoga. Huyu anaimba."

Alichukua kile kibao cha vitufe. Figili alitikisa kichwa mara mbili, akatua, mara moja. Adeer akamwaga mara mbili, akatua, mara moja. Figili akafumba macho kwa raha. Sikuwahi kuona uso ule. Akatikisa tena, mitikiso ya haraka safari hii, na Adeer akamrudishia yote kama mtu anayerudisha chenji. Figili akatoka bwawani mwenyewe, akainama kushukuru, na nafasi yake ikachukuliwa na dubu.

Akanieleza huku akicheza. Alizaliwa kwenye jamii ya wafugaji, na alipokuwa kijana kazi yake ilikuwa kisimani. Wanaume walisimama ndani ya kisima mmoja juu ya mwenzake, ndoo ya ngozi ikapita mkono kwa mkono kutoka chini hadi kwenye hori la ngamia, nao wakiimba ili mikono isipishane. Mmoja akichelewa, maji yanawamwagikia walio chini. "Huko chini giza," akasema. "Hapana ona mtu. Unajua tu saa yako imefika."

Tangu hapo alikuja kila siku baada ya sala ya alasiri. Alimvuka dubu, akamvuka kambare mwenye ndevu, akawavuka bibi watatu waliokuwa vyura. Watu waliacha mpira kumtazama. Lilikuwa jambo la ajabu, ukumbi mzima wa wanaume wazima umenyamaza, wote wakitikisa vichwa pamoja na chura. Wale wasioitikiwa salamu walianza kumsogezea chai. Eddo hakumlipisha.

Nami nikajua kwa nini alicheza namna ile. Binamu yake alikuwa na kikundi cha kupiga kwenye harusi Nairobi, na alikuwa amemtumia habari kwa redio ya upepo, ile ya kuongea na watu wa mbali: atakuja baada ya Idd, ana lori, ana mtu wa kumsaidia karatasi ya kutoka kambini, na kama mikono yake bado ni ile ya zamani ataondoka naye. Adeer alikuwa hajagusa ngoma kwa miaka saba. Huwezi kupiga ngoma Hagadera, si karibu na msikiti. Ngoma yake ilikuwa korongo. Aliniambia akimaliza waogaji wote saba, binamu hatakuwa na swali. Aliniambia pia, akicheka, kwamba siku hiyo nitie sauti, binamu asikie anavyojibiwa na tarumbeta.

Binamu alikuja Alhamisi, mtu mnene, mchangamfu, mwenye saa kubwa. Yule mzee wa msikiti alikuwa amesafiri kwenda Modogashe kwa mazishi. Nilimwomba Eddo ruhusa ya mchezo mmoja tu, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Alifikiri, akasema mmoja. Kabla Adeer hajaingia nilitoa waya mfukoni nikauchomeka. Sikumwambia. Nilitaka nione uso wake zitakapolia.

Wazo la kutomwambia lilikuwa langu. Sikusukumwa na mtu.

Akaingia, akakaa mbele, binamu kando yake. Nikawasha. Tarumbeta zikaanza, na yule mwanamke wa sauti ya mbu, na kumbe chini yake kulikuwa na ngoma nzuri, nzito, ambayo ile dakika moja ya kwanza hatukuwahi kuisikia vizuri. Watu walivuta pumzi. Binamu alianza kugonga goti papo hapo. Nilimtazama Adeer usoni. Hapakuwa na kitu. Alikuwa akisubiri figili atokee kama anavyosubiri siku zote.

Figili akatokea, akatikisa kichwa, na sasa tulisikia kwamba kila mtikiso ulikuwa neno la wimbo. Adeer akamjibu bila kosa. Akamvuka, akamvuka dubu. Alicheza vizuri kuliko siku yoyote. Kisha, kati ya dubu na kambare, tarumbeta zikiwa zimejaa ukumbi mzima na Eddo akininyooshea mkono nipunguze, Adeer alinigeukia akitabasamu, akapaza sauti kama kawaida yake.

"Fundi, weka sauti sasa. Binamu asikie."

Goti la binamu lilisimama. Hakuna aliyecheka. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe cha sauti, na sikujua niongeze au nizime. Nilitikisa kichwa kumwambia ndiyo. Akarudi kwenye mchezo, ameridhika.

Aliwamaliza wote saba. Wa mwisho alikuwa kobe mzee aliyetikisa kichwa polepole sana, na Adeer alimngojea kila mara kwa subira ambayo hakuna kati yetu angeiweza. Waogaji wote walitoka bwawani wakasimama mstari mmoja na korongo, maandishi ya Kijapani yakaanza kupanda. Hakuna aliyekuwa akiyatazama. Walikuwa wakimtazama yeye, naye alipogeuka kupokea sifa aliona nyuso, na nyuso alijua kuzisoma. Akatazama televisheni. Akafuata kwa macho ule waya mpaka ulipochomekwa. Kisha akanitazama mimi, mdomoni, kama siku zote.

Walitoka nje na binamu. Niliwaona kupitia tundu la blanketi, binamu amemshika mabega, amesimama mbele yake kabisa, anaongea taratibu kwa midomo mipana. Hata mtu asiyejua Kisomali angeelewa. Harusini mpiga ngoma anamfuata mwimbaji, na mwimbaji humpa mgongo. Lilikuwa kombora lililoua masikio yake, Eddo aliniambia baadaye. Lilianguka kwenye nyumba ya jirani yake huko Mogadishu, na yeye Eddo alikuwa akishuku muda mrefu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mtu akificha kitu kwa miaka saba, si kazi ya jirani kukifunua. Hakusema kwa ukali.

Binamu aliondoka Ijumaa baada ya sala, na nafasi ya mtu mmoja kwenye lori lake ikachukuliwa na mbuzi.

Adeer hakurudi ukumbini. Salamu alizipata nyingi sasa, na za mbele, watu wakizunguka punda mzima ili wamtolee usoni, na nadhani hilo lilimuumiza kuliko kusemwa. Nilijaribu kumfuata mara mbili. Mara zote mbili alikuwa na haraka na magunia. Sahani ya korongo niliitia tena kwenye boksi. Fundi mwingine alipatikana, kijana wa hapohapo kambini aliyejua jenereta kuliko mimi, na Eddo hakunifukuza, lakini hakunizuia pia.

Siku niliyoondoka kabisa nilitafuta mtu wa kunipelekea sanduku na transfoma hadi kwenye malori, na aliyekuja alikuwa yeye. Alipakia, akakaa mbele ya mkokoteni, akanionyesha kwa kidole nikae nyuma. Tulipita sokoni, tukapita bombani penye mstari wa madumu. Nilikuwa nimeketi kwenye transfoma, nikitazama mgongo wake na zile hatamu mkononi, na kidole gumba kikigonga kamba kidogo kidogo kufuata kwato za punda. Hapo ndipo nilipomwomba msamaha. Nilimweleza yote, waya, mfukoni, kwamba nilitaka kumfurahisha, na niliyasema kwa sauti kubwa mpaka mwanamke mmoja kwenye mstari akageuka.

Tulipofika alishusha sanduku, akakataa kulipwa, akamgeuza punda. Nimeishi miji tisa tangu siku hiyo, na yote nimeihama. Ningeweza kushuka mkokotenini, nikazunguka, nikasimama mbele yake aone mdomo wangu. Njia ilikuwa ndefu ya kutosha.