Kichwa cha Changu

Juzi nilikaa kisiwani Juani na wanawake waliokuwa wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Binti mmoja aliwasomea riwaya: mke wa mtu na kijana wa jirani wanaapa kufa pamoja.

“Haya ndiyo mapenzi,” akasema.

Bibi mmoja akakaza fundo kwa meno. “Hiyo ashiki tu. Anayekupenda, mkila samaki changu, kichwa, penye utamu wote, anakuachia wewe.”

Wenzake wakaitikia.

“Na babu hukuachia, bibi?” binti akauliza.

Bibi akaikagua kamba yake yote, kisha akaiweka chini.

“Hajaacha hata jicho. Haya, soma. Walipoapa, ikawaje?”

Sasa nikimsikia mtu analaani riwaya za mapenzi, namuuliza kwanza: kwenu kichwa cha samaki anakula nani?