Baba Alivyowapima Wakwe kwa Matusi

Baba alikuwa askari mstaafu, na jambo moja la jeshini halikumtoka kamwe. Alitufundisha mezani, akipanga viazi kuzunguka sahani: ukitaka kujua nguvu za adui, usikae kichakani ukimchungulia tu. Mshambulie kidogo. Atajibu, nawe utaona bunduki zake ziko wapi, kisha unarudi nyuma kabla mambo hayajaharibika. Mama alikuwa akipita pale, anachukua adui mmoja, anamla.

Miaka ya themanini ilipoanza nilimpenda kijana wa Mahagi-Port, kule ziwani. Wazee wake wakapanda naye lori hadi kwetu Bigo kuniposa, na kikapu cha samaki wakavu. Kwetu, siku hiyo upande wa binti una ruhusa ya kuwasumbua wageni kidogo. Baba aliigeuza ruhusa hiyo kuwa vita. Aliwaacha wamesimama uani, viti amevifungia ndani.

“Hii samaki inanuka,” alianza.

Shangazi wa kijana akajibu papo hapo kwamba pua ya Baba ndiyo iliyooza. Baba akatabasamu, akawageukia wajomba. “Na ninyi, munaonekana batu ya kukimbia kazi.” Wajomba nao wakafyatuka. Kijana mwenyewe alinyamaza, macho chini. Nyuma ya mlango nilikuwa nikichungulia. Nilimkasirikia Baba, na zaidi yule bubu wangu.

Mjomba mkubwa akabeba kikapu, akaelekea barabarani. Nikaona ndoa yangu inaondoka na samaki. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini huu alinidunga Baba.

Naye bado hakuwa amemaliza. “Muende tu. Hata mutoto yangu iko muvivu. Sombe anaunguza.”

Kijana akainua kichwa. “Papa, tukana samaki, tukana siye. Yeye, hapana. Yeye haiko muvivu, na sombe yake nilikula. Ilikuwa muzuri.”

Nilikuwa nimempikia kisamvu hicho kwa siri, na Mama, aliyesimama kando yangu, alinitazama kwa jicho ninalolijua.

Baba alicheka mpaka akakohoa, akaja kufungua mlango mwenyewe. “Leta viti,” aliniambia. “Nilitafuta fasi moja tu, ile huyu kijana analinda. Nimeiona.”

Mjomba akarudishwa na kikapu chake. Nilitoa viti nikilia waziwazi, na cha kwanza nikampa bubu wangu.