Wageni wa Mwezini Wasiopiga Hodi

Juzi, ghalani kwa tajiri mmoja wa Kihindi, tulionyeshwa picha zinazokwenda: Wazungu wakipaa hadi mwezini kwa chombo cha moto. Nyota zilimeremeta, watu wakapiga makofi. Kisha mashujaa wale wakaingia nyumba ya watu wa huko, wakakanyaga mkeka kwa viatu.

Jirani yangu, mshona kofia, akasonya. "Hata hodi!"

Kufika mwezini wamekuweza. Neno moja mlangoni limewashinda.

Asubuhi yake, tukinywa kahawa ukumbini kwa mshona kofia, mtaa wa Kibokoni, afisa mmoja Mzungu wa serikali akaingia moja kwa moja, buti juu ya mkeka.

"Picha ya jana mliionaje?"

Mshona kofia akaondoa kikombe kisikanyagwe.

"Haijaisha, bwana. Bado tunaitazama."