Dirisha la Upande wa Baba

Marehemu baba hakuiamini feri ya Likoni. Gari letu kubwa likishapanda tu, mimi nikiendesha, yeye alishusha dirisha la upande wake, hata mvua inyeshe. "Tukizama, tutatokea hapa," alisema. Mimi nilikasirika kwa kuroweshwa bure.

Tangu tumzike, kila nikipanda feri dirisha hilo hushuka lenyewe. Fundi wa mtaa wa Shika Adabu, aliyekuja kutengeneza waipa za kioo cha mbele zilizokwama, alisema chumvi ya bahari imekula swichi ya dirisha. Nilikuwa nimechoka na viti vya majimaji. Nikamwambia akate waya, kioo kibaki juu.

Jana nilivuka peke yangu kwenye mvua. Kioo hakikushuka. Nikashukuru. Tulipofika katikati ya maji, nikasikia kitasa cha mlango wa baba kikifunguka.