Ndege ya Sebuleni

Siku nilipoingiza kiti cha lori sebuleni, mke wangu alisema, "Hicho hakitoki tena." Nikacheka. Mimi fundi redio, kufungua na kufunga vitu ndiyo kazi yangu hapa Ngara mjini, nishindwe na kiti?

Kilikuwa cha lori lililopinduka kwenye mteremko wa kushukia Rusumo. Dereva alitoka mzima, na kiti pia, Mungu ni mwema. Nilikitaka kiwe kiti cha rubani, maana nilikuwa najenga chumba kizima cha rubani cha kurushia ndege za kwenye kompyuta. Mbao nilizitoa kwenye mapaleti ya mizigo yanayotupwa pale mpakani. Geji zilikuwa vifuniko vya makopo ya maziwa ya unga. Usukani ulitoka kwenye baiskeli ya mtoto, na mikono ya kuongeza mafuta ilizungusha vile vidude vya sauti vya redio zilizokufa. Kwa miguu nilichukua pedali ya cherehani, nikaigeuza kiubavu, ukikanyaga kushoto, kulia kunanyanyuka. Cherehani yenyewe ilikuwa mbovu miaka mingi, lakini mwanamke na cherehani yake, we acha tu. Nilinuniwa hadi nikazoea. Nyumbani chombo kikaitwa ndege, na mimi nikaitwa kapteni, kwa kejeli.

Ugonjwa huu niliupata utotoni. Enzi zile kambi za wakimbizi za Lukole zimejaa watu, ndege ndogo zilikuwa zinapita juu ya migomba yetu Kanazi. Nilikuwa natupa jembe nazifuata mbio, narudi nachapwa, kesho nazifuata tena. Kusomea urubani? Thubutu! Watoto tulikuwa wengi na shamba lilikuwa moja.

Aliyenielewa ni binti yangu, kifungua mimba. Yeye anafanya kazi Rusumo kwa mawakala wa forodha, lakini akija Jumamosi anavua viatu, anajipenyeza chini ya ubao wa geji, anamenya waya kwa meno. Kusema kweli, nusu ya ndege ile ni yake. Na kuirusha ananishinda, ingawa mbele yake sijawahi kukiri.

Basi akapata mchumba, mwalimu wa Biharamulo, kijana mtulivu ambaye hata mimi nilimpenda. Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee mkavu yule, hacheki hata kwa bahati mbaya. Alikuwa ameshaiahirisha posa mara mbili, akidai watu wa mjini Ngara wana mambo mengi. Binti yangu akaniambia wazi, "Baba, mzee akikataa safari hii, mwenzangu hawezi kumvunjia heshima. Itakuwa basi." Hakulia, na hilo ndilo lililonikata maini.

Mke wangu akatoa amri: kabla wageni hawajafika, ndege itoke. Nikapima ndege. Nikapima mlango. Nikapima mlango tena, labda umeongezeka. Ndege nilikuwa nimeijengea mle mle ndani, nimeipigilia na kuigundisha, na sasa ilizidi mlango kwa kiganja kizima. Kuitoa ilikuwa ni kuibomoa. Mke wangu akanitazama, akasema "Kapteni," akaenda zake jikoni. Neno moja tu, na nililistahili.

Ikabidi tufanye maarifa. Makochi tukayatoa nje, ndani tukatandika mikeka, na ndege tukaifunika mashuka meupe, yale mazuri ya wageni. Nikajiona nina akili kweli.

Wageni wakafika, lakini getini wakasimama. Mshenga wao, mtu wa maneno mengi, akanijia peke yake akitembea taratibu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Poleni sana, ndugu zetu," akanong'ona. "Hatukupata taarifa." Nyuma yake wazee walikuwa wanavua kofia, na mama mmoja ameshaanza kujifuta macho kwa khanga.

"Pole ya nini?" nikauliza kama bwege.

Akanyoosha kidevu kuelekea sebuleni. Nikageuka, nikaona walichokiona: viti nje, mikeka ndani, na kitu kirefu katikati kimefunikwa shuka nyeupe. Yesu wangu! Na nani anaposa kwenye msiba? Yule mzee alikuwa ameshageuka kurudi kwenye gari.

Nikakimbia ndani, nikazivuta shuka zote. "Hakuna msiba!" nikapiga kelele. "Ni ndege!"

Wakatazamana. Nadhani wangependelea maiti.

Mzee akarudi polepole, akaingia, akaizunguka. "Hiki ni nini, mzee mwenzangu?" Nikamweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujisikia mtoto. Akagusa geji. Akagusa kiti. Mzee wa heshima hawezi kukaa mkekani na kiti kipo, na ndani kiti kilikuwa hicho kimoja. Akakaa. "Haya," akasema, "nipeleke Biharamulo."

Nikawasha. Tukapaa, vilima vyetu vikapita chini yetu. Mshenga akaona asipoteze muda, akaanza maneno yake ya posa hapo hapo nyuma ya kiti. Mzee hakumsikiliza hata kidogo. "Lile si Ziwa Burigi?" akauliza. Akataka aende juu zaidi aone vizuri, akavuta usukani. Akavuta tena.

Honi ikalia. Ndege ikiinua pua kupita kiasi inaishiwa nguvu, na kwenye ndege za kweli king'ora hulia. Mimi nilifunga honi ya pikipiki, ikilia kuku wa jirani hutawanyika. Mimi au binti yangu, yeyote akiisikia huacha kila kitu na kuja. Binti yangu alikuwa amefichwa chumbani na dada yangu, shangazi yake, amefunikwa kitenge, hatakiwi kuonekana mpaka aitwe na kuulizwa kama anawajua wageni. Alitoka mbio, peku, kichwa wazi.

"Mzee, usivute! Sukuma mbele! Sukuma!"

Kwetu mkamwana hata kumtazama baba mkwe usoni ni kazi, sembuse kumpigia kelele. Mzee akasukuma. Honi ikanyamaza. "Achia," akamwambia, naye akaachia, na binti yangu akainama juu ya bega lake, akashika usukani. Dada yangu akafika nyuma yake na kitenge mkononi, mdomo wazi. Moyo wangu ukafa. Nikajua nimemharibia mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mzee hakugeuka. Macho yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. "Msiende kumwita tena," akasema. "Amekuja mwenyewe."

Mke wangu, aliyeapa kutoisogelea ndege ile maisha yake yote, akapiga kigelegele, bati likaitika.

Lakini dada yangu si mtu wa kurukiwa utaratibu. Akajifunga kitenge vizuri, akakohoa, akauliza mbele ya watu wote, "Mwanangu, wageni hawa unawajua?"

Uwanja ulikuwa umeshaonekana mbele, kamstari kembamba. Binti yangu hakuondoa macho hapo. "Subiri kidogo, shangazi," akasema. "Nimfikishe baba nyumbani kwanza."

Baba aliyemsema hakuwa mimi. Nikacheka huku machozi yananitoka, na watu wote, wa kwao na wa kwetu, tukasubiri atue.