Madam Zaituni kapata mbili

Jamani, leo nimempa mwalimu anayenisimamia mbili kati ya kumi. Tena nikamwandikia kwa wino mwekundu: "Ongeza bidii!"

Anayetaka kucheka acheke sasa.

Niko mazoezi ya kufundisha huku Ihanja, darasa la pili. Leo Madam Zaituni, mwenye darasa, kakaa dawati la nyuma kabisa, kabanana na watoto watatu. Mimi nafundisha kutoa, yeye anaandika tu. Nikajua hapo nachambuliwa. Jasho!

Nikaweka hesabu kumi ubaoni, wakafanya, nikakusanya madaftari. Ukishasahihisha madaftari themanini, majina husomi tena.

Wakati wa kugawa nikaita, "Zaituni!"

Watoto wote wakageuka kutazama nyuma.

Mama wa watu akasimama, akaja mbele, akapokea daftari lake kwa mikono miwili kama wenzake.

"Ahsante, mwalimu. Hizo nane za chini sikuziona. Vichwa vya wenzangu vimeziba, na mwandiko wako ni mdogo."

Akarudi kukaa. Basi. Hakunigombeza, wala hakunisema ofisini mbele ya walimu.

Nikayatafuta madaftari ya wale watatu aliokaa nao. Wote mbili. Wote "Ongeza bidii!"

Na wao wamekaa pale tangu nimefika.

Yule mama ni mwalimu, nyie. Mwalimu hasa.

Nimeyakata yale maneno kwenye madaftari yao. Nimeyaandika kwenye andalio langu la somo la kesho, juu kabisa, kwa wino uleule mwekundu.