Shali Iliyouona Mlima

Mimi Tapoti sijawahi kukanyaga mlima. Shali yangu imekanyaga. Ile nyekundu aliyonipa baba siku ya harusi imekwenda Darjeeling, imekwenda Nainital, imepigwa picha mbele ya theluji, mabegani mwa Bithika, mke wa shemeji yangu. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Waongo! Hii ilimsitiri Bithika mpaka akapendeza kunishinda mimi mwenye nayo.

Tunakaa nyumba moja hapa Baghbazar, Kolkata, ndugu wawili na wake zao na mama mkwe, jiko moja. Mume wa Bithika ana cheo kwenye reli. Wangu, Anukul, anatengeneza saa. Kila mwaka sikukuu ya Durga ikiisha, wao husafiri, mimi hufungasha. Na kufungasha najua, asinidanganye mtu. Mwaka huu walikuwa waanze Delhi, kutazama ngome na minara, halafu wapande mlimani Shimla. Basi sufu niliitanguliza chini ya sanduku, sari za pamba zikakaa juu, maana Delhi bado kuna joto. Nyeupe sikutia hata moja, vumbi la Delhi halina adabu. Kofia za sufu za kuziba masikio nilizianika darini tangu asubuhi zipungue harufu ya nafthalini, ile dawa ya nondo.

Ujira wangu? Shali ikirudi, kabla sijaifua, hujifungia nayo chumbani nikainusa. Moshi wa kuni, misonobari, na ubaridi fulani nisioujua jina. Huo ndio mlima wangu.

Lakini safari hii niliingiwa na tamaa. Binti yao, Mithu, alikuwa na mtihani, hasafiri. Nikajiambia kitanda chake kwenye treni kiko wazi, na Bithika ana macho, ataniona tu.

"Dada," nikamwambia huku nakunja, "Mithu maskini, nafasi yake itapotea bure."

"Mdogo wangu, hariri haikunjwi hivyo, itakatika."

"Wanasema Shimla mtu akiwa peke yake hapati hata wa kuzungumza naye."

"Nina mume, nitazungumza naye. Soksi nene umetia?"

Nilitia. Nilitia na viatu vya kutembelea mjini, nikavifunga gazeti visichafue sari. Bithika akachungulia sanduku, akaridhika, akanyoosha mkono.

"Haya, lete ile shali yetu."

Yetu!

"Shali mwaka huu haitoki bila mwenyewe."

"Makubwa! Unamaanisha nini?"

"Kitanda cha Mithu kipo. Nichukueni na mimi."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hapo ndipo aliponichoma zaidi.

"Tapoti wewe! Si ungesema mapema? Tiketi ya Mithu tulisharudisha. Na ukienda wewe, nani atampikia mama?" Akakalia sanduku, akalifunga. "Shali baki nayo. Shimla zinauzwa barabarani kama njugu."

Walipoondoka nilipanda darini nimejitanda shali yangu, jua linawaka, jasho linanitiririka mgongoni. Nikaiangalia teksi yao mpaka ikakata kona. Anukul akanifuata.

"Una homa?"

"Nina wivu," nikamjibu.

Akanitazama, akarudi kwenye saa zake.

Waliporudi, Bithika alitandaza vitu vyake kitandani, mama mkwe akaketi kusikiliza habari za minara na theluji. Mimi habari sikuzisikia. Macho yangu yalikuwa kwenye shali mpya, ya buluu, imetupwa juu ya mto. Hata kwa mbali ilinukia. Moshi wa kuni. Misonobari.

"Dada," nikasema, na mkono ulishaifikia, "nipe hii nikakufulie."

"Hee! Hiyo haifuliwi nyumbani, mdogo wangu, itaharibika. Ya dobi hiyo." Akaichukua mkononi mwangu taratibu, akaitia kabatini kwake, akafunga kwa ufunguo.

Nikaenda chumbani kwangu, nikajifungia kama kila mwaka, nikaitoa shali yangu sandukuni, nikauzika uso humo.

Nafthalini tupu.